Kompyuta ya Voi na Laptopu ya Bura

Ile laptopu ilipofika kwetu Bura, huku milimani, ndugu zangu wote waliandika "asante Mungu" kwenye kundi letu la WhatsApp. Mimi sikuandika kitu. Ilikuja imeviringishwa kwa blanketi la mtoto ndani ya boksi la sabuni, na kaka yangu mkubwa, ambaye ni injinia Nairobi, alipiga simu kila mara kuhakikisha haijaangushwa njiani. Niliiweka mezani nikaitazama vile unavyomtazama mgeni aliyefika na mabegi mengi.

Sikuwa na ugomvi na laptopu yenyewe. Ilikuwa nzuri, nyembamba, na ndani yake mlikuwa na prosesa ya kizazi kipya. Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayopiga hesabu zote. Ikiwa na kasi, mashine nzima ina kasi. Ugomvi wangu ulikuwa na sababu ya kuletwa kwake. Ililetwa ili nisitoke nyumbani.

Mimi ndiye kitindamimba. Baba yetu alipopatwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ulilegea, na mama alikuwa ameshatutoka. Mkutano wa familia ulifanyika kwa simu na haukuchukua muda. Mmoja ana watoto shuleni, mwingine ana kazi isiyo na likizo, mwingine mume wake hawezi kuelewa. Mimi sina mume wala mtoto, kwa hiyo ikaonekana sina maisha. Nikaacha kazi yangu Mombasa nikaja kumuuguza mzee "kwa muda." Neno hilo tulilisema sote, na hakuna aliyeuliza ni muda gani. Mwanzoni majirani tukikutana njiani waliniuliza ninarudi lini Mombasa. Siku hizi wananiuliza kabichi zangu zinaendeleaje, na hilo linaniuma zaidi.

Riziki yangu ni kuhariri video. Studio ninayoifanyia kazi iko Voi, si mbali na barabara kuu, na mwenyewe ni mama mmoja wa Kikamba ambaye wazazi wake walihamia Voi zamani. Yeye hupiga picha za harusi na mazishi kutoka Mraru hadi Taveta, kisha hunipa mimi kazi ya kuziunganisha. Asiyetujua anaweza kudhani kuhariri ni kukata. Kwetu hukati. Video ya mazishi hutazamwa na walio ng'ambo waliokosa nauli ya kuja, na hutazamwa zaidi na wale waliokuwepo, ambao wanataka kujiona. Kila aliyeshika kipaza sauti lazima aonekane. Kila shada la maua, kila binamu aliyesimama kutambulishwa, kila mchungaji aliyeombwa aseme kwa kifupi na akakataa kusema kwa kifupi. Zamani nilimpunguza shangazi mmoja aliyekuwa akirudia jambo lile lile, na familia nzima ikaja studioni kuuliza tuna kisa gani naye.

Kwa hiyo mazishi ya siku nzima yanakuwa video ya karibu siku nzima, na kazi ya mwisho, ile ya kompyuta kuzikusanya picha zote na kuzitoa zikiwa kitu kimoja, ndiyo inayovunja watu moyo. Sisi tunaiita kurenda. Laptopu yangu ya zamani ilirenda kwa kusuasua, ikizima katikati ya maombi, na mwenye studio alikuwa amechoka kuisubiri.

"Shuka Voi ukae," aliniambia. "Kuna chumba hapo nyuma, hakina mtu. Hii kompyuta kubwa iwe yako wewe. Mimi nizunguke na kamera."

Nilikiona kile chumba. Kilikuwa na sakafu ya simenti, dirisha moja linalotazama barabara, na msumari ukutani ambapo mtu alikuwa akitundika nguo zake. Malori ya kwenda Taveta yalipita yakitikisa kioo. Nilisimama katikati nikapanga kitanda kingekaa wapi na pazia lingekuwa la rangi gani. Niseme ukweli, sijawahi kukitaka kitu maishani mwangu kama nilivyokitaka chumba kile chenye joto na vumbi. Niliwaambia ndugu zangu. Jibu lao ndilo lililokuja ndani ya boksi la sabuni.

"Sasa huna haja ya kushuka Voi," kaka alisema kwenye simu. "Hiyo prosesa inaipita ile ya studio mbali sana. Nimecheki."

Alinitumia grafu aliyoitoa kwenye mtandao. Ilikuwa na mistari miwili: mrefu wa prosesa ya laptopu, mfupi wa ile ya kompyuta ya Voi.

"Hiyo ni mistari tu, kaka," nikamwambia. "Huo mstari haujawahi kurenda mazishi."

"Basi tufanye testi. Video moja, mashine mbili, kila kitu sawasawa. Ile ya studio ikishinda, nakuahidi mbele ya mzee, tutatafuta mtu wa kukaa naye, na wewe uende Voi. Lakini laptopu ikishinda, hii stori ya Voi iishe. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Nilikubali haraka mno, kama mtu anayeogopa mwenzake atabadili mawazo.

Kweli tulikuwa mbele ya mzee. Kwetu mtandao hushika kwenye dirisha la chumba cha Baba pekee, na soketi isiyocheza ni ile iliyo chini ya dirisha hilo, na Baba mwenyewe hawezi kuachwa peke yake kwa muda mrefu. Kwa hiyo meza yangu ya kazi iko miguuni pa kitanda chake. Dirisha hufungwa mchana kutwa kwa sababu ya kifua chake, maana ukungu wa Bura ukiingia ndani hautoki, na jiko la makaa hukaa pale sakafuni, mlango ukiachwa wazi kidogo. Simu zote za familia nazipokea hapo kwa spika. Baba alikuwa ameelekeza uso kwenye redio yake. Tangu augue, maneno yake hutoka polepole, na sisi sote tulikuwa tumezoea kumzungumzia kana kwamba yuko nyumba nyingine.

Nilimwachia jirani uji na funguo, nikashuka Voi na laptopu mgongoni.

Tulichagua mazishi ya bibi mmoja wa Mraru, kwa sababu hotuba zake zilikuwa nyingi kuliko zote. Tukaziweka mashine mbili juu ya meza moja. Kompyuta ya studio ni lile sanduku kubwa jeusi, limejaa vumbi, lina feni nyuma, na limefunguliwa ubavu mmoja ili lipate hewa. Kando yake laptopu ilionekana kama bibi harusi. Juu yetu palikuwa na mabati, na jua la Voi la saa nane lilikuwa limeyakalia. Feni ya darini ilizungusha hewa ile ile ya moto. Tukabonyeza pamoja.

Mwanzo laptopu iliruka mbele. Ilimaliza kuwasili kwa jeneza na nyimbo za kwaya wakati sanduku bado lilikuwa kwenye picha za geti. Mwenye studio akanitazama, akatazama kioo cha laptopu. Kisha laptopu ikaanza kulia. Feni yake ndogo ilipiga kelele ya mbu, sehemu ya chini ikawa haishikiki, na mwendo ukashuka. Nilijua kinachotokea. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Lile sanduku likaendelea kukokota bila haraka, likaifikia, likaipita. Lilipomaliza kila kitu hadi chakula cha wageni, laptopu bado ilikuwa kanisani.

"Haya," mwenye studio alisema huku akicheka, "hii yako hata makaburini haijafika!"

Nilimkumbatia yule mama hadi kitambaa chake cha kichwa kikatoka. Nikaenda tena kukiona chumba. Nikanunua ndizi za Taveta, zile kubwa, nikapanda nazo nyumbani nikiwa na furaha ambayo niliificha usoni, kwa sababu si adabu kumwonyesha mzazi wako kwamba unafurahia kumwacha.

Jioni ile ile nilimpigia kaka.

"Haiwezekani," alisema. "Ilipata moto?"

"Ungepigia shati pasi."

"Ndiyo hiyo! Si umeipima Voi, kwa lile joto lote? Utakuwa ukiitumia Voi?"

Niliitazama laptopu pale mezani.

"Ipime nyumbani, hapo hapo kwa meza yako, mahali utafanyia kazi. Ikishindwa hapo, sina neno tena. Nitatafuta mtu mwenyewe."

Nilimchukia kwa sababu alikuwa na haki. Sisi wa milimani tunavaa sweta tukipanda na kulivua tukishuka. Tunajua kabichi gani zitakauka Voi na mahindi gani hayatakomaa Bura. Lakini nilikuwa nimeibeba mashine ya nyumbani kuipeleka kwenye joto la wengine, nikashangilia iliposhindwa, bila kufikiria kwamba hata kompyuta ina mahali inapokaa vizuri. Nikasema sawa, kesho.

Nilipokata simu Baba aliongea. "Gari likichemka," alisema, akitafuta kila neno, "unafungua boneti."

Alikuwa dereva wa lori la shamba la mkonge kwa miaka mingi, na magari humjia akilini kabla ya watu. "Ndiyo, Baba," nikamjibu, vile unavyomjibu mtoto, nikammenyea ndizi.

Kesho yake asubuhi niliiweka laptopu mezani kama kila siku. Sikufanya ujanja wowote, wala sikuhitaji. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu hufungwa, na jiko lilikuwa linawaka kwa sababu huwaka. Nilimnywesha Baba dawa, nikamwachia bakuli la uji kwenye kistuli, nikafungua yale yale mazishi ya Mraru, nikabonyeza. Muda uliotumiwa na sanduku la Voi nilikuwa nimeuandika pembeni. Ilianza kwa kasi, halafu, mazishi yalipofika kanisani, feni ikaanza ile kelele yake. Muda uliobaki, unaoandikwa sehemu ya chini ya kioo, ukawa unaongezeka badala ya kupungua. Na mimi moyo wangu ukawa unapanda nao. Baba alikuwa akikitazama kioo, kisha ananitazama mimi. Nadhani nilikuwa natabasamu.

Nikashuka kwenye kitalu cha kabichi, chini tu ya jikoni, mahali ninapoweza kusikia redio yake. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Nilikata majani yaliyooza nikiwaza huyo mtu atakayekuja kukaa na Baba. Nilimtengeneza kichwani: mama wa makamo, mwenye nguvu za kumgeuza, asiye na haraka ya maneno. Nilimpa hata sauti. Nikawaza kuhusu pazia. Nilikaa huko muda mrefu kuliko kabichi zilivyohitaji, na nilikuwa nimeinama bado niliposikia kwamba redio imekuwa na sauti kubwa, kubwa sana, kana kwamba imetolewa nje. Nikatupa kisu.

Dirisha lilikuwa wazi, mbawa zote mbili. Ukungu ulikuwa umeingia hadi kitandani. Na Baba alikuwa amesimama.

Naomba nieleze maana ya hilo. Mhudumu wa kliniki alikuwa amesema mzee afanyishwe mazoezi ya kutembea. Kila siku nilimwomba: kutoka kitandani hadi kwenye kiti tu, Baba, kidogo tu. Alikataa. Alisema ule mguu si wake. Alifikia kulia, nami nikafikia kuacha kuomba. Sasa alikuwa ng'ambo ya pili ya chumba, ameshikilia nondo ya dirisha kwa mkono wake mzima, suruali imelowa uji magotini. Jiko lilikuwa linafuka moshi. Alikuwa amelizima kwa kulimwagia uji wake.

"Baba! Umefikaje hapa?"

"Ilikuwa inachemka," alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Nimefungua."

Nilimshika kiunoni nikatazama kioo kwa juu ya bega lake. Laptopu ilikuwa imetulia, feni haisikiki, na mazishi ya yule bibi wa Mraru yalikuwa yanakwenda mbio. Walikuwa wameshatoka kanisani. Walikuwa kaburini, wanaweka maua. Nilipiga hesabu kwa ule muda wa Voi nikaona kwamba mashine zilikuwa sawasawa. Ikiendelea na baridi ile ingelishinda lile sanduku la Voi kwa kidogo. Nikifunga dirisha na kuwasha jiko, ingeshindwa.

Na kufunga dirisha ndilo lilikuwa jambo la kufanya. Midomo ya Baba ilikuwa imebadilika rangi. Hakuna daktari, hakuna ndugu, hakuna jirani ambaye angenilaumu kwa kumkinga mzee na baridi. Ningekuwa mtoto mwema, na ningekuwa na chumba changu Voi. Nikanyoosha mkono.

"Usifunge."

"Baba, kifua chako."

"Usifunge, mama." Ananiita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake, lakini tangu augue alikuwa hajaniita. "Iache imalize. Ikishinda, huendi."

Basi alikuwa amesikia yote. Kila simu, kila mkutano, kila mara tuliposema "mzee" kana kwamba ni shamba la kugawana zamu. Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Nilitaka kumpigia kelele: mbona hukuniambia? Mbona miguu yako ilikataa kutembea nilipoomba mimi, na sasa imeweza kwa ajili ya kunifunga? Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nazeeka humu ndani, mbele ya soketi moja, nikitazama watu nisiowajua wakizikwa. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo la dirisha. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu, baridi kabisa, na haukuwa na nguvu yoyote. Ningeweza kuuondoa kwa kidole.

Sikuuondoa. Nilimkalisha kwenye kiti, nikavua sweta langu nikamvalisha, nikamfunika blanketi lake na langu. Kisha nikasimama kati yake na dirisha, mgongo wangu kwenye ukungu, mikono nimeitanua kidogo ili upepo usimfikie. Laptopu ilikuwa pembeni yangu, inapata baridi yake. Mbele yangu Baba alikuwa anatetemeka na kukitazama kioo. Walimaliza maua, wakashukuru majirani, wakashukuru kamati, wakashukuru waliochimba kaburi, wageni wakala. Kila mtu alipewa nafasi yake kama ilivyo desturi, na mimi mgongo wangu uliganda. Kisha mashine ikatoa ile sauti yake ndogo ya kumaliza.

"Imeshinda?" Baba aliuliza.

Nikaangalia. "Imeshinda, Baba."

Alitabasamu kwa ule upande wa mdomo unaoweza. Ndipo nilipofunga dirisha.

Kaka alifurahi sana. "Nilikuambia! Grafu haidanganyi." Nikamwambia haidanganyi. Aliuliza kama mzee anaendeleaje, nikasema amefanya mazoezi kidogo leo, na kundi zima la WhatsApp likaandika asante Mungu. Mwenye studio alisikitika, alinielewa, na kabla mvua hazijaanza alikuwa amempata dada mmoja kutoka upande wa Mwatate. Nimesikia amekiweka vizuri kile chumba. Sijauliza ametundika pazia la rangi gani.

Baba hajasimama tena. Mimi nafanya kazi miguuni pa kitanda chake, na tangu siku ile sijawahi kulifungua dirisha mashine ikiwa inarenda. Jiko linawaka, chumba kina joto zuri kwa kifua chake, na laptopu inalia na kujipunguzia kasi mazishi baada ya mazishi. Kila siku inashindwa na lile sanduku la Voi. Nikirudia testi leo nitashinda mimi, lakini hakuna anayenipigia simu kuuliza.

Baba ndiye anayeisikia. Kelele ya feni ikizidi, hufumbua macho, huuinua ule mkono mzima kuelekea dirishani, na kuanza kujivuta ukingoni mwa kitanda. Naacha kazi naenda kumfunika.

"Lala, Baba," namwambia. "Haichemki."